Domeni ikibadili mmiliki, Google itatushusha?

SWALI: Habari za kazi, kaka yangu ananiachia duka lake la mtandaoni la spea za pikipiki, domeni (anwani ya saiti) ni ya .co.tz na inahamia jina langu, sasa naogopa maana Google tuko ukurasa wa kwanza. Msomaji, Morogoro.

JIBU: Ndugu yangu, tulia kwanza. Kubadili jina la mmiliki peke yake hakukushushi, Google wanaangalia kurasa zenyewe na linki zinazokuja kwako. Shida ni pale watu wanapohamisha domeni halafu siku hiyohiyo wanabadili hosti (kampuni inayohifadhi saiti) na muundo wa saiti, ukurasa uliokuwa /breki unageuka /bidhaa/breki, mteja akibofya anakutana na 404, yaani ukurasa haupatikani, hapo ndo unashuka kweli. Hamisha jina tu, vingine viache vilivyo, na ukilazimika kubadili anwani weka ridairekti ya 301, ile inayompeleka mteja kwenye anwani mpya, uiache angalau mwaka mzima. Kaka akuongeze kama mmiliki kwenye Search Console, zana ya Google ya wenye saiti, kabla hajajitoa, na tafadhali domeni isiishe muda katikati ya makabidhiano, hiyo ndo naiogopa kuliko zote. Ila kununua domeni iliyoisha muda ukaibandika saiti ya kamari ili ule sifa yake ya zamani, hiyo tangu Machi 2024 Google wanaihesabu spamu.