Uji wa mzee jirani

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mbeya. Kila alfajiri nampelekea uji mzee jirani yetu. Ni mgane, watoto wake wako mbali, na mikono inamtetemeka, kwa hiyo namiminia nusu kikombe, akimaliza namiminia nusu nyingine, usije ukammwagikia mapajani. Kwa sababu hiyo nakosa sala za jumuiya Jumamosi asubuhi. Juzi mwenzangu mmoja aliniambia mbele za watu kuwa uji hauandikwi kwenye daftari la mahudhurio, na nikifiwa nisije nikashangaa. Lakini linaloniumiza zaidi ni kwamba siku nyingine naupeleka nimenuna. Leo atasema mzito, kesho mwepesi. Je, imani yangu ni bure? – Mama Uji*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote nimekwama kwenye ile nusu kikombe. Hilo hukufundishwa na mtu. Uliitazama mikono ya mzee mpaka ukajua inaweza kubeba kiasi gani.

Nianze na kununa, maana naona ndiko kunakokunyima usingizi.

Kule Lisieux, Ufaransa, aliishi mtawa tunayemwita Teresia wa Mtoto Yesu. Aliingia utawani mwaka 1888 akiwa na miaka 15, akafariki 1897 akiwa na miaka 24, na bado mwaka 1927 Papa Pius XI alimtangaza kuwa msimamizi wa misioni, yeye ambaye hakukanyaga nchi yoyote ya misioni. Kila jioni alikuwa akimtoa mtawa mmoja mzee, mgonjwa, kanisani na kumwongoza hadi chumba cha kulia. Bibi yule haridhiki. Wakiongeza mwendo, analia kwamba ataanguka. Wakipunguza, anasema hausikii mkono wa kumshika, na kwamba binti huyu ni mdogo mno kwa kazi hii. Teresia mwenyewe alikiri kwamba kujitolea kwa kazi ile kulimgharimu sana. Halafu siku moja akaona bibi anahangaika kukata mkate wake. Tangu hapo hakumwacha mezani kabla ya kumkatia.

Unaona, mwanangu? Hakungoja moyo ulainike kwanza ndipo asaidie. Mkate ulikatwa siku za kupenda na siku za kutopenda. Kwa hiyo kununa kwako hakuumwagi uji wako. Ila usikuzoee. Ukifika mlangoni kwa mzee, iweke chupa chini, vuta pumzi, sema "Bwana, nisaidie," ndipo upige hodi. Na akilalamika kwamba uji ni mwepesi, kaa naye kidogo. Mtu aliyeshinda na kulala peke yake mara nyingi hana neno jingine la kukuzuia usiondoke upesi.

Sasa turudi kwenye swali lako la imani. Fungua Injili ya Yohana, sura ya 21. Yesu amefufuka, mauti ameyashinda. Wanafunzi wamevua usiku kucha, wanafika pwani wamechoka, wanakuta moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Amewapikia. Anawaambia, "Njoni mfungue kinywa." Na mmoja wao ni Petro, aliyemkana mara tatu, usiku ule alipokuwa anaota moto wa makaa vilevile kwenye ua wa kuhani mkuu. Bwana hakuanza na kumsomea makosa. Alimlisha kwanza, ndipo akamuuliza kama anampenda, na alipojibu akamwambia alishe kondoo wake. Mimi kila nikiisoma sura hiyo naona moshi wa jiko asubuhi. Wewe unayekoroga uji gizani kwa ajili ya mtu asiyeridhika, uko karibu sana na moto ule.

Huyo mwenzako alikosea kukuaibisha mbele za watu, na kumtishia mtu kwa msiba si lugha ya jumuiya. Hata hivyo, usimjibu, na tafadhali jumuiya usiiache. Maaskofu wetu wa Afrika Mashariki walipoamua miaka ya 1970 kulijenga Kanisa juu ya jumuiya ndogo ndogo, walitaka imani ikae pale majirani wanapojuana kwa shida na raha. Mzee wako ni jirani wa wote hao. Inawezekana wengi hawajui hata kama bado anaamka.

Basi nenda kwa mwenyekiti wa jumuiya, wewe mwenyewe, kwa upole, kabla ya Jumamosi. Mweleze hali ya mzee kama ulivyonieleza mimi. Kisha omba kitu kimoja: kwa kuwa sala huzunguka nyumba kwa nyumba, zamu moja ifanyike kwake. Mwulize mzee kwanza kama ataridhia kupokea wageni. Akikubali, fagia ua jioni yake, azima viti. Asubuhi watu wakishakaa, mpe chupa ya uji huyo aliyekusema, na umnong'oneze kwamba kikombe kisijae.