Mwalimu, Usilete Mhamasishaji Mwingine

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha hisabati kidato cha pili katika shule ya kata huku Kigoma, jirani na mwalo wanakoshukia wavuvi. Nina wanafunzi kumi na mmoja ambao hawavuki alama 29. Nimewaambia mara nyingi kwamba wanaweza. Mwezi wa nne tukachangishana tukaleta mhamasishaji, wakashangilia mpaka wengine wakalia. Mtihani uliofuata, alama zilezile. Mmoja ndiye amenishinda kabisa: kuna wiki analala darasani, kuna wiki yuko macho lakini hafungui mdomo. Nikimsifu ananuna. Nimjengeeje matumaini? Au tutafute mhamasishaji mwenye uzoefu zaidi?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Msitafute.

Swali hili nalipokea kila muhula, hubadilika somo tu. Na karibu kila mara nyuma yake yupo mgeni wa siku moja, kipaza sauti mkononi, aliyeondoka na bahasha kabla vumbi la uwanjani halijatulia.

Wageni hawa wana hadithi wanayoipenda: kwamba Wamarekani walithibitisha kuwa ukimwambia mtoto ana akili, atakuwa na akili. Jaribio lenyewe lipo. Robert Rosenthal na Lenore Jacobson walilifanya katika shule ya msingi moja huko California na kulitolea kitabu mwaka 1968. Waliwapa walimu majina ya watoto, kama mmoja katika kila watano, wakasema vipimo vinaonyesha hawa watachanua. Haikuwa kweli, majina yaliokotwa kwa bahati nasibu. Mwaka ulipokwisha, baadhi yao, hasa wa madarasa ya chini kabisa, walikuwa wamepanda kuliko wenzao. Ukubwa wa matokeo hayo umebishaniwa hadi leo, na wengi waliopima baadaye wamepata madogo zaidi. Ila kuna jambo mwenye kipaza sauti halisemi: watoto hawakuambiwa neno. Walioambiwa ni walimu.

Kwa hiyo kama kuna cha kujifunza pale, kinakuhusu wewe na mimi, tena kwenye vitu vidogo ambavyo hatujioni tukivifanya. Miaka ya 1970 Mary Budd Rowe alipima muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali. Kwa kawaida ilikuwa kama sekunde moja, na wanafunzi waliohesabiwa dhaifu walisubiriwa muda mfupi zaidi. Waliposubiriwa sekunde tatu na kuendelea, hata waliozoea kunyamaza walianza kujibu. Mwombe mwenzako akae dawati la nyuma kipindi kimoja na saa ya simu, akupime kwa wale kumi na mmoja tu. Ukiona namba hizo utanuna wewe.

Sasa daftari. Chukua hesabu hii: 3x − 5 = 16. Mtoto kaandika 3x = 11. Umepiga mkasi wa wino mwekundu, chini ukaandika "Jitahidi". Najua, kwa sababu nami niliandika neno hilo miaka mingi nikidhani natia moyo. Ajitahidi kufanya nini? Mtoto huyu anajua kwamba x lazima ibaki na upande wake, na anajua namba inavuka. Hajui kwamba ikivuka inabadili ishara, wala hajui kwa nini. Mwandikie hivyo: "Umefanya vizuri kuitenga x. Hiyo −5, ukiongeza 5 pande zote mbili, inatokea nini?" Akirudi na 21, kisha x = 7, mpe nyingine inayofanana nayo palepale, akiwa bado na joto. Hapo ndipo sifa yako itakuwa na mahali pa kukaa. Sifa ya jumla kwa hesabu nyepesi mtoto wa miaka kumi na tano anaisoma haraka: huyu ananihurumia. Ndiyo maana ananuna.

Mwanasaikolojia Charles Snyder, aliyechunguza matumaini kwa miaka mingi, aliyatazama kwa mambo matatu: lengo, njia za kulifikia, na imani kwamba mimi mwenyewe naweza kuzipita njia hizo. Mhamasishaji huwapa lengo na moto wa mchana mmoja. Njia hana. Atazitoa wapi, wakati hajui hata kwamba wanao hawajaelewa hesabu za sehemu, kama nusu na robo, tangu shule ya msingi, na kwamba sasa wanafundishwa hisabati kwa Kiingereza?

Turudi kwa kijana wako. Wiki analala, wiki yuko macho, na shule iko jirani na mwalo. Mwalimu, umetazama mwezi? Dagaa wetu wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazina kazi, watu wanapumzika. Weka rejesta kando ya kalenda. Huenda nakosea, pengine ni malaria isiyoisha au ugonjwa nyumbani. Lakini usingizi ukifuata siku za giza, huyo si mvivu, ametoka kazini. Usimuulize mbele ya wenzake. Muulize pembeni, nanyi mkitembea, halafu nenda kwao ukamsikilize mzazi kabla ya kumhubiria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kazi za mtoto kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, na ustawi wa jamii wapo ikibidi, ila mara nyingi mama akijua kuna mwalimu anayemngoja mwanawe, kuna siku zinapatikana. Mada mpya zinazomtatiza, mpe wiki ambazo mwezi unang'aa.

Na viboko kwa kila jibu baya, ambavyo hukuvitaja lakini navijua, si tu vinafunga midomo, vinavunja kanuni pia. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni za mwaka 2002 hazizidishi viboko vinne, tena kwa kosa kubwa la nidhamu, kwa mkono wa mkuu wa shule au wa mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi. Kukosea hesabu hakumo.

Ninachokiogopa zaidi ya alama 29 ni kinachofuata baada ya mgeni kuondoka. Mtoto alilia, akaamini, akaapa mbele ya shule nzima. Akapata 14. Sasa anajua, kwa ushahidi, kwamba hata akitaka kwa moyo wote haiwezekani. Hapo ndipo wengine huingia na dawa ya kufungua akili, na maji ya kunawa usiku wa kuamkia mtihani, na nimeona wazazi wakiuza mbuzi kuvilipia. Walimu wakuu, makatibu wa kamati, ninyi mnaosaini bahasha hizo: fedha ya mgeni mmoja inanunua daftari za mazoezi na chaki za muhula mzima kwa watoto kumi na mmoja.