Nilifuta, fundi akarudisha

Jambo Yaya. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Himbi, hapa Goma. Ordinatere (kompyuta) yetu iko sebuleni na kila mtu anaitumia: baba watoto, watoto wenyewe, na mtoto wa shemeji yangu anayesoma chuo. Daktari aliponiambia nina fibroma, yaani uvimbe kwenye kizazi, nilikuwa nasoma habari zake usiku kwenye Firefox, kivinjari chetu cha intaneti, halafu nikafuta historia yote, yaani orodha ya kurasa nilizofungua. Baadaye mashine ikakataa kuwaka. Fundi akairudisha kwa nakala iliyokuwa kwenye diski ya nje, picha zikapatikana, nikamshukuru Mungu. Kesho yake yule kijana wa chuo akaandika herufi mbili tu kwenye Firefox na maneno yangu yote yakajitokeza, akayasoma kwa sauti mbele ya wageni. Mimi nilifuta kweli. Yametoka wapi? Na nitayaondoaje bila kupoteza picha za harusi na za marehemu mama yangu?

Mama, pole sana. Kwanza nikuondolee shaka: ulifuta vizuri na mashine ilikutii. Maneno yale yametoka kwenye diski ya nje. Fundi alirudisha nakala ya diski nzima, na nakala ya namna hiyo hubeba kila kitu kama kilivyokuwa siku ilipotengenezwa: Windows, programu, picha, na pia yale uliyokuwa umesoma mpaka siku hiyo. Yako ilitengenezwa kabla hujafuta. Fundi hakupekua siri zako, ila alipaswa kukueleza kwamba kompyuta inarudi tarehe ya nyuma na mambo yake yote.

Firefox huandika historia katika faili moja iitwayo places.sqlite, na faili hiyohiyo ndiyo inayotunza alamisho, yaani kurasa ulizoziwekea alama ili uzirudie. Kwa hiyo hata fundi anayerudisha folda ya Firefox peke yake, kwa nia njema ya kukurudishia alamisho, anarudisha na historia. Chrome, kivinjari kingine, huviweka katika faili mbili tofauti, na ukurasa wake wa historia huonyesha siku 90 tu.

Sasa tufanye kazi. Siku ukiwa peke yako, fungua Firefox, ubonyeze Ctrl, Maj (Shift) na H kwa pamoja. Litafunguka dirisha lenye kisanduku cha kutafutia. Andika humo fibroma. Yatakuja yote yenye neno hilo, pamoja na kurasa za Google ulizouliza. Bonyeza Ctrl na A ili kuyachagua, kisha Suppr (Delete). Rudia kwa maneno mengine uliyotumia. Mimi napenda njia hii katika nyumba yenye watu wengi, kwa sababu historia ya wengine inabaki na hakuna atakayeuliza kwa nini imekuwa tupu.

Ukitaka kusafisha yote, bonyeza Ctrl, Maj na Suppr. Hapo angalia muda kabla ya kitu kingine. Mara nyingi kinachopendekezwa ni saa moja ya mwisho. Mtu anakubali, anafunga, na ya wiki iliyopita yote yanabaki. Chagua «Tout», yaani yote. Weka alama kwenye historia na kwenye maneno yaliyoandikwa katika fomu, maana kisanduku cha kutafutia nacho kina kumbukumbu yake. Ukigusa «Cookies», kila mtu nyumbani atatolewa kwenye akaunti zake na ataombwa neno la siri upya. Hakikisheni mnayakumbuka kwanza.

Kuna mahali pengine ambapo kufuta kwenye Firefox hakufiki. Kama ulikuwa umeingia kwenye akaunti yako ya Google, maswali yako yanaweza kuwa yameandikwa huko pia. Nenda myactivity.google.com, uyafute, kisha uiambie ijifutie yenyewe: inakupa kuchagua miezi 3, 18 au 36. Wewe chagua 3. Na kama simu yako imeunganishwa na Firefox ile, ikague nayo.

Halafu ile diski ya nje, Mama. Usiisahau, kwa sababu bado ina ile siku ya zamani, na kompyuta ikiharibika tena fundi mwingine atakurudishia yaleyale. Lakini usiifute leo! Hapa ndipo watu wanapopotezea picha zao, na mimi huumia nikiletewa mashine na mtu anayelia kwa sababu alianza kwa kufuta. Fuata mpangilio huu. Fungua kwanza picha zilizorudishwa, usitosheke na kuona majina yake. Faili inaweza kuonekana kwenye orodha na ikashindwa kufunguka. Fungua za harusi, fungua za mama yako. Kisha zinakili kwenye diski ya pili kama mafaili ya kawaida, uichomeke diski hiyo kwenye kompyuta nyingine, ya jirani au ya kazini, uone kama zinafunguka huko. Baada ya hapo tengeneza nakala mpya ya kompyuta ambayo tayari umeisafisha. Ikishakamilika, ile ya zamani unaweza kuiaga.

Kazi hiyo ifanyike betri ikiwa imejaa, au kompyuta ya mezani ikiwa kwenye ondulere (kifaa chenye betri kinachoishikilia umeme ukikatika) yenye nguvu ya kutosha. Umeme wetu tunaujua, na kurudisha nakala kukikatika katikati kunaweza kuacha mashine ambayo haiwaki kabisa.

Kwa siku za mbele, nyumba kama yako haihitaji nakala ya diski nzima kila mara. Ndani ya Windows 10 kuna kitu kinaitwa «Historique des fichiers». Ukikiwasha na kukipa diski ya nje, kinanakili Nyaraka, Picha, Muziki, Video na vilivyo kwenye uso wa kompyuta, kila saa kama hujabadilisha mpangilio. Kurasa ulizotembelea hazimo kwenye orodha yake ya kawaida. Picha za mama zinalindwa, na usomaji wako wa usiku haufuatani nazo.

Diski ya pili isilale nyumba moja na kompyuta. Tunaoishi Goma hatuhitaji kuelezwa sana. Mlima wetu wa volkano, Nyiragongo, ulilipuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021, na tarehe 27 mitaa 10 kati ya 18 ikaamriwa kuhama. Watu walienda Sake kwa miguu na walichoweza kushika, na mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi hana nafasi ya kurudi sebuleni kuchomoa waya. Mpe dada yako wa mji mwingine diski hiyo, uibadilishe mnapotembeleana.

La mwisho ni lile la kijana. Fungua akaunti yako ya Windows yenye neno lako la siri, na yeye apewe yake ya kawaida, isiyo ya msimamizi, kwa sababu msimamizi anaweza kufungua folda za wengine. Kila akaunti ina historia yake. Lakini akaunti haimfundishi mtu adabu. Fibroma ni ugonjwa unaowapata wanawake wengi sana, na kuusoma ulikuwa uamuzi mzuri. Kosa lilikuwa kusoma mambo ya mama mkubwa wa nyumba mbele ya wageni, na hilo baba watoto amwambie mwenyewe, ana kwa ana.

Yaya, mimi ni mwanafunzi, niko Katindo. TFC yangu (kazi ya kuandika ya kumalizia masomo) ilikuwa kwenye kle, yaani flashi ya USB, nikaifuta bila kukusudia. Rafiki akaniambia nifanye «Restauration du système», ile ya kurudisha Windows tarehe ya nyuma, nirudi wiki iliyopita. Nimefanya, TFC haikurudi, na programu niliyoweka juzi imepotea. Nifanyeje?

Mdogo wangu, rafiki yako alikuelekeza kwenye chombo cha kazi nyingine. Restauration du système hurudisha mafaili ya Windows, mipangilio yake na programu. Nyaraka haizigusi, wala haigusi kle. Programu yako ilipotea kwa sababu uliiweka baada ya tarehe uliyorudi; iweke tena.

Kuhusu TFC, chomoa hiyo kle sasa hivi na usiandike kitu chochote juu yake, hata wimbo mmoja. Faili lililofutwa kwenye kle kwa kawaida haliendi kwenye Corbeille (pipa la kompyuta), lakini maandishi yake hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe mahali pake. Weka programu ya kutafuta mafaili yaliyofutwa, kama Recuva, kwenye kompyuta, sio kwenye kle, ichunguze kle, na kitakachopatikana ukihifadhi kwenye kompyuta. Wakati huohuo tafuta kwenye barua pepe ulizomtumia mkurugenzi wa TFC yako. Sura ulizomtumia bado ziko kwenye zilizotumwa, na naye anazo kwake. Kama uliwahi kuipandisha kwenye hifadhi ya mtandaoni, Google Drive au OneDrive, kisha ukaifuta huko, pipa lao hutunza siku 30.

Ukiipata, jitumie kwa barua pepe kila jioni unapomaliza kuandika. Ni faili la maandishi, halili megabaiti nyingi.

Je, kufuta historia kila siku kunapunguza megabaiti? (Msomaji wa Ndosho)

Hapana. Historia ni orodha ya anwani tu, na kuifuta hakugusi kifurushi chako. Ila ukifuta pamoja nayo «cache», yaani picha na vipande vya kurasa ambavyo kivinjari kilishavipakua, kitalazimika kuvipakua tena kila utakapozifungua kurasa hizo, na megabaiti zitaisha haraka zaidi. Toa alama kwenye kisanduku cha cache, ufute historia peke yake.