Masaa matatu na robo Barcelona: kwa wanaoanza kazi kwenye meli za watalii

Ratiba ikionyesha kwamba meli inafunga gati Barcelona saa moja asubuhi na kuondoka saa kumi na mbili jioni, usidhani una siku nzima. Hayo ni masaa ya abiria. Yako yanaanza msimamizi wako anapokuachia, na huhesabiwa kinyumenyume: anza na dakika unayotakiwa kusimama kazini ukiwa na sare, kisha rudi nyuma hatua kwa hatua.

Chukua mhudumu wa mkahawa aliyemaliza kifungua kinywa saa tano na nusu, na zamu yake ya jioni inaanza saa kumi na moja. Kuoga na kuvaa, nusu saa. Foleni ya ukaguzi mlangoni mwa meli, robo saa. Basi la bandari, robo saa njiani na nusu saa ya kulisubiri, kwa sababu siku yenye meli tatu au nne gatini kila mtu anarudi wakati mmoja. Maana yake saa tisa na nusu alasiri awe ameshasimama kituoni. Toa dakika 45 za kutoka melini hadi mjini, anabakiwa na masaa matatu na robo. Muda huo unatosha mambo mawili. Wageni wengi hupanga matano, wakaishia kukimbia juani na kuona mabega ya watu.

Saa zenyewe zina mitego miwili. Melini kila kitu huandikwa kwa mtindo wa 16:30, nasi tumezoea saa kumi na nusu. Ukiwa umechoka ni rahisi kutoa 12 kichwani na kubaki na "saa nne na nusu" isiyo na maana yoyote. Nakili muda kama ulivyobandikwa pale mlangoni, usiubadilishe. Mtego wa pili ni simu. Hispania, Ufaransa na Italia zina saa ileile, lakini Lisbon ya Ureno iko nyuma kwa saa moja, Piraeus ya Ugiriki iko mbele kwa saa moja, na Tunis wakati wa kiangazi iko nyuma kwa saa moja kwa sababu Tunisia haisogezi saa zake. Simu hujibadilisha yenyewe ikinasa mtandao wa nchi kavu. Saa ya meli hubadilishwa kwa amri ya nahodha tu. Vaa saa ya mkononi ya bei nafuu na uilinganishe na saa ya mlangoni kila unaposhuka.

Kabla ya kuvaa viatu, hakikisha unaruhusiwa kushuka. Meli ya abiria haibaki tupu gatini: sehemu ya wafanyakazi hupangiwa kubaki kwa ajili ya dharura, kwa zamu, na orodha hubandikwa mapema. Jina lako likiwemo, unaweza kubadilishana na mtu wa kazi ileile ya dharura, kwa idhini ya maandishi ya msimamizi. Makubaliano ya mdomo kwenye meza ya chakula hayahesabiki. Kadi yako ikigusishwa kwenye mashine pale mlangoni itakukataa. Angalia pia kama kuna zoezi la boti za kuokolea siku hiyo. Jambo jingine la Barcelona: kwa meli nyingi hapa ndipo abiria wanaposhuka na wapya kupanda. Wasafishaji wa vyumba na wabeba mizigo wana siku yao ngumu kuliko zote, na ni kawaida wasishuke kabisa. Ukiwa idara hiyo, jipangie bandari nyingine.

Na kuna siku ambazo kulala ni bora. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006 unataka upate mapumziko ya angalau masaa 10 katika kila 24, na 77 katika siku 7. Yasigawanywe zaidi ya vipande viwili, na kipande kimoja kiwe masaa 6 au zaidi. Mkataba huohuo unataka baharia apewe ruhusa ya kushuka kwa ajili ya afya yake. Lakini kwenye karatasi matembezi yako ni mapumziko, hata ukirudi miguu imevimba. Kama usiku uliopita ulilala masaa manne, mji utakusubiri hadi meli irudi.

Pasipoti yako kwa kawaida inakaa ofisini melini. Unashuka na kadi ya meli, na kitambulisho cha baharia kama unacho. Kwa nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia visa moja, baharia mwenye kitambulisho kinachofuata mkataba wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) namba 108 au 185, ambaye jina lake limo kwenye orodha ya wafanyakazi iliyokaguliwa, anaruhusiwa kushuka katika mji wa bandari na manispaa zinazopakana nao. Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Huna visa ya Schengen? Barcelona ni halali kwako, lakini treni ya kwenda Girona au mlima wa Montserrat inakutoa nje ya ruhusa hiyo. Mwenye visa halali hana kikwazo hicho, ila saa zinabaki zilezile. Piga picha ya ukurasa wa picha wa pasipoti, na picha ya kadi yenye namba ya wakala wa meli katika bandari hiyo. Namba hiyo iandike pia kwenye karatasi uitie mfukoni, maana simu huzimika au huibwa.

Sasa njia. Meli nyingi kubwa hufunga Moll Adossat, gati refu lililounganishwa na mji kwa daraja linaloitwa Porta d'Europa. Terminali zake zina herufi. Piga picha ya ubao wa terminali yako kabla ya kuondoka, kwa sababu ukimwambia dereva wa teksi "bandarini" tu anaweza kukushusha mbali. Basi la bandari la rangi ya buluu huenda hadi kwenye mnara wa baharia Kristofa Kolombo, chini ya barabara ya La Rambla. Kwa miguu inawezekana, ni takriban nusu saa hadi dakika 50 kutegemea herufi, lakini njia haina kivuli na malori hayaishi. Baadhi ya meli ndogo zaidi zimekuwa zikifunga kwenye gati la World Trade Center; kutoka hapo mnara ni mwendo wa dakika kumi hivi. Teksi za Barcelona ni nyeusi na njano, zina mita, na safari ya gati la meli za watalii huongezwa ada rasmi, kwa hiyo usigombane na dereva ukiiona kwenye risiti.

Mwenye masaa matatu na robo aanzie pale mnarani na asiende mbali. Upande wa kushoto ukiangalia mji kuna Drassanes, karakana za kale za kuundia meli, ambazo sasa ni makumbusho ya bahari. Ndani yake kuna mfano wa ukubwa kamili wa jahazi la makasia lililoongoza meli za Wakristo kwenye vita vya baharini vya Lepanto mwaka 1571. Mtu wa baharini ataliangalia kwa jicho jingine: hebu fikiria kabini yako, kisha tazama benchi la mpiga kasia. Upande wa kulia, robo saa hadi dakika 20 kwa miguu, kuna kanisa la Santa Maria del Mar, lililojengwa kuanzia 1329 hadi 1383. Mawe yake yalibebwa mgongoni na wapagazi wa bandari kutoka machimbo ya kilima cha Montjuïc, na wapagazi hao wamechongwa kwenye mlango mkuu, wameinama na mizigo. Wengi hupita bila kuwaona kwa sababu ni wadogo. Kwa maoni yetu mlango huo una thamani kuliko nusu ya La Rambla, ambayo ni kilomita 1.2 ya maduka ya zawadi na mikahawa ghali.

Ukitaka kanisa la Sagrada Família, lichukue kama jambo moja kati ya mawili. Panda metro kituo cha Drassanes, mstari wa L3 kuelekea Zona Universitària, shuka kituo kinachofuata, Paral·lel, ubadilishe kwenda L2. Sagrada Família ni kituo cha sita. Kwa nje ni bure, na kwa muda wako nje panatosha: tiketi za ndani hununuliwa kwenye intaneti kwa saa maalumu, na meli ikichelewa kufunga gati, pesa imepotea. Paral·lel hiyohiyo ina treni ya kamba inayopanda Montjuïc kwa tiketi ya metro, na basi namba 150 linamalizia hadi ngome ya juu. Kule unaiona bandari yote, pamoja na meli yako.

Kuogelea ufukoni Barceloneta peke yako kuna ugumu mmoja ambao haupo mkiwa wawili: hakuna wa kulinda vitu. Nunua mfuko mdogo wa plastiki usioingiza maji, wa kuning'iniza shingoni, utie kadi ya meli na noti moja, uingie nao majini. Simu iache melini siku hiyo.

Chakula kina saa zake. Majiko ya mikahawa hufunguliwa kwa mlo wa mchana kuanzia saa saba. Anayefika saa sita hukuta vitafunwa tu, au watalii wenzake. Siku za kazi uliza "menú del día": sahani ya kwanza, ya pili, kinywaji na kitindamlo au kahawa kwa bei moja. Kwa nyama halali na biriani, ingia mtaa wa El Raval, upande wa magharibi wa La Rambla. Carrer de l'Hospital na njia za jirani zina maduka ya Wapakistani, vinyozi na vibanda vya kutuma pesa. Mchana hapana tabu. Usiku mtu wa peke yake abaki kwenye njia pana zenye watu. Soko la Boqueria hufungwa Jumapili, na matunda ya vibanda vya mbele ni ghali kuliko ya ndani. Maji ya bomba la barabarani ni salama ingawa yana ladha ya dawa.

Kuhusu kutuma pesa: vibanda hutaka pasipoti halisi, na yako iko ofisini melini. Sajili programu ya kutuma pesa moja kwa moja hadi M-Pesa kabla hujaondoka nyumbani, ukiwa bado na pasipoti mkononi na laini yako ya simu inafanya kazi. Mashine ya benki ikikuuliza kama unataka kukatwa kwa dola au shilingi badala ya euro, kataa, chagua euro. Noti za 100 na 200 hukataliwa madukani, kwa hiyo omba ndogo melini.

Laini ya simu ya Hispania nayo huuzwa kwa pasipoti. Nakala inakubaliwa duka hili na kukataliwa lile. Uzuri wake ni kwamba itatumika Marseille, Napoli na Palermo bila gharama ya ziada, kwa kanuni ya Umoja wa Ulaya ya tangu 2017. Haitatumika hivyo Uturuki wala Tunisia. Meli ikitoka gatini, weka simu kwenye hali ya ndege mara moja. Mtandao wa simu wa melini hula salio lote kabla ya chakula cha jioni.

Wezi wa Barcelona hawana fujo, wana mikono myepesi. Wanapenda metro ya L3, milango inapokaribia kufungwa. Wanapenda simu iliyowekwa juu ya meza: mmoja anaifunika kwa ramani au karatasi ya kuomba saini, akiondoka karatasi na simu vimeondoka. Kuna anayekumwagia uchafu begani na mwenzake akaja na tishu "kukusaidia". Anayejiita polisi wa kiraia na kutaka kuona pochi yako, mwambie mtaongea kituoni. Ukipoteza kadi ya meli, piga simu melini kwanza ili ifungwe, kisha pata ripoti kwa polisi wa Mossos d'Esquadra. Wana kituo Carrer Nou de la Rambla. Dharura yoyote ni 112.

Bia moja ya mchana haionekani kosa, lakini kiwango cha juu cha kimataifa kwa baharia aliye zamu ni asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu, na kampuni nyingi za meli za watalii ziko chini ya hapo na hupima bila taarifa. Mlangoni pia utapekuliwa. Visu, pasi, birika la umeme, nyama na matunda mabichi vitachukuliwa. Chupa ya pombe itahifadhiwa hadi mwisho wa mkataba.

Mwambie mwenzako wa kabini unakwenda wapi na utarudi saa ngapi. Ukiona utachelewa, piga simu melini wakati bado una dakika 20, usingoje hadi uione ikiachia kamba. Ukipiga mapema, pasipoti yako inaweza kushushwa kwa wakala badala ya kusafiri bila wewe. Ukiachwa, nenda ofisi ya ulinzi ya terminali na umpigie wakala. Usipande treni kuifuata meli Marseille kwa akili zako: bila visa, ruhusa yako inaishia Barcelona na manispaa za jirani, na kosa la kuchelewa linageuka kuwa kosa la uhamiaji. Wakala atazungumza na polisi wa mpaka na kukata tiketi. Gharama kwa kawaida utakatwa kwenye mshahara, kwa hiyo mwombe risiti ya kila kitu anacholipa kwa niaba yako.