Nishati haipotei, basi tokeni zangu zinakwenda wapi?

SWALI: Salaam aleikum fundi. Nauza mbaazi na mahamri hapa Kisauni. Kila usiku nachemsha kilo moja ya mbaazi kwa jiko la umeme la koili, kwa muda wa saa tatu hivi, na maji naongeza mara kwa mara. Tokeni haziishi kuisha. Mwanangu wa kidato cha pili ananiambia wamefundishwa kuwa nishati haipotei. Kama haipotei, mbona mimi nanunua kila siku? Au mita inaniibia? Na feni je, nikiiacha imewaka nikatoka, nikirudi nitakuta chumba kimepoa?

JIBU: Waaleikum salaam mamangu. Mwanao kasema kweli, na wewe una haki ya kuuliza. Tuanze na sufuria, maana hesabu karibu yote imo humo.

Geuza jiko lako likiwa limezimwa, usome kibandiko. Mengi ya koili yana wati 1,500. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja, basi kwa saa tatu bila kupunguza, hizo ni uniti 4.5. Sasa tuzifuate moja moja. Tuseme umeanza na lita 3 za maji, na maji ya hapa Mombasa hata usiku yana kama digrii 28. Kila lita hutaka jouli 4,200 (jouli ni kipimo kidogo cha nishati) ili ipande digrii moja. Kuyafikisha 100 ni kama jouli laki tisa, na uniti moja ni jouli milioni 3.6. Kwa hiyo ni robo uniti tu! Mbaazi zenyewe na bati la sufuria huongeza kidogo. Sufuria imeshatokota, na uniti nne bado ziko njiani.

Pesa zako zinaanzia kuondoka hapo. Maji yakishafika 100 hayapandi tena, hata uzungushe swichi mpaka mwisho. Moto unaozidi unafanya kazi moja, kuyageuza mvuke, na kazi hiyo ni ghali: lita moja kuwa mvuke hula jouli milioni 2.26, mara saba na nusu ya zile za kuichemsha kutoka baridi. Ikiwa usiku mzima umeongeza lita 3, maana yake lita 3 zimeshatoka dirishani, nazo zimeondoka na uniti 1.9. Robo nyingine ilichemsha yale maji ya kuongeza. Zilizobaki, kama uniti mbili, zilipitia ubavuni mwa sufuria na pembeni mwa koili, zikapasha ukuta, zikakupasha na wewe.

Ukizijumlisha, zote 4.5 zipo. Kitabu cha mwanao hakikosei. Lakini joto lililokwisha kutawanyika hewani halina kazi tena, kwa sababu ili joto lifanye kazi yoyote lazima litoke penye moto kwenda penye baridi. Chukua bahari hapo Nyali: mita moja ya ujazo ya maji yake ikipoa digrii moja tu hutoa zaidi ya uniti moja ya nishati. Mali yote hiyo, na hupati kuchemshia hata kikombe cha chai, kwani maji ya digrii 28 hayapashi kitu kilicho na digrii 28. Ni kama kuvunja noti ya elfu kuwa shilingi shilingi, kisha uzimwage sokoni Kongowea saa nne asubuhi. Zote zipo sokoni, kaziokote.

Umeme ni nishati iliyokusanyika. Uniti moja, kama isingevuja popote, ingeinua gunia la kilo 50 zaidi ya kilomita 7 kwenda juu, kupita kilele cha Mlima Kenya. Na sehemu kubwa ya umeme wetu huanza kama mvuke wa ardhini kule Olkaria, unazungusha mashine, unasafiri kwa waya mpaka Pwani, halafu sisi tunaugeuza kuwa mvuke tena na kuufungulia dirisha. Mimi huwa naliona jambo la kusikitisha kidogo.

La kufanya ni hili. Mbaazi haijui kama maji yanatokota kwa fujo au taratibu. Yote ni digrii 100. (Nairobi, kwa ajili ya mwinuko, maji hutokota karibu na 94, ndiyo maana maharagwe yao hukawia kuliko yetu.) Basi roweka toka asubuhi, funika, na yakitokota teremsha moto mpaka maji yawe yanachezacheza tu. Sufuria ya presha ni bora zaidi: inauzuia mvuke, na ndani hufika karibu digrii 120. Kama huna, chemsha dakika 20, kisha itie sufuria na kifuniko chake ndani ya kikapu kilichojazwa matambara au sufi, ufunike juu. Joto ulilokwisha kulinunua litakaa humo na kuendelea kupika saa kadhaa bila tokeni. Ukiitoa, itokose tena vizuri ndipo utie tui.

Feni haipozi chumba. Ya wati 60 hukipasha kwa wati 60, kwani nguvu yote ya mota na ya upepo huishia kuwa joto. Inachofanya ni kukausha jasho lako, na jasho likigeuka mvuke hubeba joto la mwili. Ule ughali wa mvuke unaokutia hasara jikoni, chumbani ndio unaokuburudisha. Pasipo mtu hapana jasho, kwa hiyo ukitoka izime.

Mita unaweza kuipima mwenyewe, ikiwa iko mahali unapoiona. Zima kila kitu, washa jiko peke yake mpaka mwisho, kisha hesabu taa nyekundu inamemeta mara ngapi kwa dakika. Mita iliyoandikwa 1000 imp/kWh, yaani humemeta mara 1000 kwa kila uniti, kwa jiko la wati 1,500, imemete kama mara 25. Iliyoandikwa 1600, kama mara 40. Ukipata namba iliyo mbali na hizo, niandikie uniambie mita imeandikwa nini na jiko limeandikwa nini.