Re: Zulia lisilotiwa rangi, uzuri wake uko wapi?

Mleta mada umeuliza haya mazulia ya kufuma kwa mkono yasiyotiwa rangi watu wanayapendea nini wakati kwenye picha yanaonekana yamepauka tu. Mi nimekaa nayo ndani muda mrefu na nayapenda sana, ngoja nikujibu.

Hayajapauka ndugu, rangi ipo ila ni ya mnyama mwenyewe. Kuna kondoo weupe, wa kijivu, wa kahawia, weusi, na hata kondoo mmoja sufu ya mgongoni iliyopigwa na jua haifanani na ya ubavuni, sasa mfumaji akisokota uzi wake kwa mkono zile tofauti zote zinaingia humohumo kwenye zulia, ndo unaona weupe wake siyo weupe mmoja, kuna sehemu inakolea kidogo alafu inafifia. Na kwa vile uzi wa mkono haulingani unene, mwanga wa asubuhi unaupiga tofauti kabisa na wa jioni. Kamera haishiki hicho kitu, zulia la hivi lazima ulione kwa macho na ulikanyage peku.

Angalia wafumaji Wanavajo (moja ya makabila ya wenyeji wa asili wa Marekani) wa eneo la Two Grey Hills kule New Mexico. Wanachana sufu nyeupe na nyeusi kwa pamoja wanapata kijivu, nyeupe na kahawia wanapata rangi ya mchanga, kwahiyo kwa kondoo wachache tu wana rangi kibao (nyeusi peke yake ndo wakati mwingine huongezewa dawa ikolee). Yale ya Beni Ourain, yaani ya Waberberi wa milima ya Atlas, Morocco, ni kinyume chake, manyoya marefu meupe alafu mistari michache ya kahawia iliyokoza inakatiza, basi. Kwangu mimi haya ndo mazuri kuliko yote, mstari ukipinda kidogo unajua kabisa hapa palikuwa na mkono wa mtu.

Ukienda kununua lipindue. La mkono kweli mchoro unaonekana vizuri hata kwa nyuma, na kama lina zile nyuzi za mwishoni, ni mtande wenyewe (nyuzi za urefu zinazofumiwa) umetokeza, siyo kitu kilichoshonewa baadae. Ukikuta nyuma kuna kitambaa kimegandishwa na gundi, hilo halijafumwa hata kama muuzaji anaapa.

Sufu ina mafuta yake ya asili, kitu kikimwagika hakizami haraka unawahi kukifyonza na kitambaa. Mazulia ya mkonge na juti (nyuzi za mmea zinazotengenezea magunia) ni mazuri pia, yana ile rangi ya dhahabu kavu, ila maji siyo rafiki yake kabisa, yakilowa yanabaki na doa, so usiyaweke jikoni wala karibu na bafu. Na ukichagua lenye sufu nyeusi uwe unaligeuza mara mojamoja, maana upande wa dirishani jua litaifanya iwe kahawia kabla ya upande mwingine.