Kupanda mahindi na mvua ya wiki hii, Malindi

Usipande mahindi bado kwa mvua ya wiki hii. Milimita 20 za mvua kwa wiki nzima ni sawa na mtungi mmoja wa lita 20 kwa kila mita ya mraba, na udongo uliokaushwa na kaskazi tangu Disemba huyanywa maji hayo juujuu tu. Mvua ikikatika, chimba kwa jembe: unyevu ukifika sentimita 15, karibu urefu wa kiganja na vidole vyake, fukia mbegu kwa kina cha sentimita 5. Ukiwahi, itachipua kisha inyauke jua likirudi wiki moja tu. Kilele cha masika huku ni Mei, lakini usingoje hadi huko. Mashamba ya mchanga karibu na bahari hukauka upesi zaidi. Huko pima tena kesho yake.